Porsche 911 ya 2003 kwa kwenda kazini kila siku?

Ndugu, nimekuelewa: umeipenda hiyo 911 ya 2003 inayouzwa Nairobi, na unataka ikutoe Rongai hadi Westlands kila asubuhi. Inawezekana, ila bei ya kununua ndiyo rahisi. Kazi iko kwenye kuitunza.

Kama si Turbo wala GT3, injini yake ina beringi ya shafti ya kati inayosifika kwa kufa. Ikivunjika, injini nzima imekwenda. Kabla hujatoa hata shilingi, mlipe fundi anayezijua Porsche (si yule wa muuzaji) aikate filta ya oili atafute chembe za chuma, kisha aingize kamera ndani ya silinda aone kama kuta zina mikwaruzo. Muuzaji akikataa, jiondokee. Chungulia pia rejeta, nyuma ya matundu ya bampa la mbele: majani hujazana humo, yakashika unyevu na kuzila.

Matuta? Bampa litakwaruza, zoea tu. Uliza bima mapema, kampuni nyingine hazitoi bima kubwa (comprehensive) kwa gari la umri huo. Umiliki uhakikishe NTSA, mamlaka inayosajili magari. Na Toyota Fielder uliyo nayo sasa usiiuze kwanza.