Poka ya wawili: acha kutafuta karata mbili za mwenzio, beba furushi zima

Kwa miezi mingi nilikuwa nacheza poka ya watu wawili na mshkaji wangu mmoja (ile ya kila mtu karata mbili za siri mkononi, na tano za pamoja zinafunguliwa mezani: tatu, kisha moja, kisha moja), kila jioni, na kila jioni ananinyuka. Tulikuwa tunachezea chipu za plastiki tu, hela hamna, lakini aisee niliumia kama vile anakomba mshahara wangu. Kilichokuwa kinanimaliza nimekuja kukijua baadaye sana: kila akiweka chipu nyingi naanza kujiuliza "huyu ana nini?" halafu kichwa chenyewe kinachagua karata mbili, na mara zote ni zile zinazonitisha, basi natupa.

Kuna raundi moja mpaka leo inaniwasha. Nilikuwa dila (mwenye zamu ya kugawa), nina Eisi ya uru na 10 ya shupaza, nikapandisha, akafuata. Zikafunguliwa tatu: Eisi ya pau, 9 ya kopa, 6 ya kopa. Akapita bila kuweka kitu, nikaweka nusu ya poti (chipu zote zilizorundikwa katikati), akafuata, yaani akaweka sawa na mimi. Ya nne ikaja 2 ya pau, akapita tena, nikaweka tena, akafuata tena. Ya mwisho Kwini ya uru. Hapo jamaa, ambaye muda wote alikuwa mpole kama hayupo, akasukuma chipu sawasawa na poti nzima. Nikasema tayari, huyu ana Eisi mbili mkononi, zimekuwa tatu, alikuwa ananivizia tu. Nikatupa. Akacheka akanifunulia 8 na 4 za kopa, takataka tupu, hata jozi hana.

Usiku ule nikakaa na kalamu. Jozi ya Eisi kwa kawaida inatengenezeka kwa namna 6, lakini moja iko mezani na moja ninayo mimi, zimebaki mbili tu, kwa hiyo namna ni 1. Moja! Na hiyo moja yenyewe angekuwa nayo si angenipandishia tangu mwanzo kabla hata ya zile tatu kufunguliwa? Sasa kopa, yaani kama alikuwa anasubiri flashi (karata tano za alama moja) halafu ikamkosa: ziko 13, mbili ziko mezani, mimi sina hata moja, zimebaki 11, na ukizipanga mbili mbili unapata namna 55. Toa zile ambazo angezitupa mapema, toa zenye Eisi au Kwini ambazo zimepata jozi, toa hata nusu yake nzima ukitaka, bado ni nyingi kuliko kitu nilichokuwa nakiogopa. Ipo Eisi na 9, ipo jozi ya 9, ipo jozi ya 6 mkononi, sikatai, ila mtu mwenye hizo akiona kopa mbili zimelala mezani mara nyingi anapandisha hapohapo, hasubiri nione karata inayofuata bila kulipa zaidi. Na hesabu ya poti ilikuwa upande wangu, maana akiweka sawa na poti mimi nikifuata natakiwa kuwa sahihi mara 1 tu kati ya 3 ili nisipoteze.

Hiyo ndo renji. Siyo karata mbili, ni furushi la karata zote anazoweza kuwa nazo mtu aliyefanya kila alichofanya. Karata mbili za kuanzia zina namna 1,326, mwanzo wa raundi, kabla hujaangalia zako, mwenzio anaweza kuwa na yoyote kati ya hizo, kisha kila anachofanya wewe unachomoa. Kafuata badala ya kupandisha, chomoa jozi kubwa kubwa. Kafuata mara mbili mbele ya kopa mbili, acha kopa zote ndani. Kosa la wengi ni kulisahau furushi likifika karata ya mwisho na kuanza upya kubahatisha kwa hofu.

Na kwenye poka ya wawili furushi ni kubwa, hili watu waliozoea meza ya watu tisa linawapiga chenga. Dila ndo anaweka blaindi ndogo (chipu za lazima kabla ya kuona karata, mwenzie anaweka kubwa), anaanza yeye kabla ya zile tatu lakini baada ya hapo anasema wa mwisho, kwa hiyo dila mzuri anacheza karibu kila kitu. Halafu ukiwa na karata mbili zisizo jozi, zile tatu zinakukosa kama mara 2 kati ya 3. Yaani mara nyingi mmekaa pale wote wawili hamna kitu, mnaangaliana tu.

Sasa kuzuga, yaani kuweka chipu nyingi huna kitu ili mwenzio atupe. Nilipoijua renji nikajiona fundi, nikaanza kuchimba mkwara kila raundi, naweka mara mbili ya poti bila mpango, nikidhani huo ndo ubunifu. Jamaa akawa anafuata na jozi ya 6. Kumbe kama mwenzio hatupi karata wewe humzugi, unamgawia. Mtu wa hivyo dawa yake ni kuweka nyingi ukiwa na jozi nzuri ya kawaida, basi, ubunifu ndo huo ingawa hauna mbwembwe.

Mkwara unaofaa unaanza mapema na unaingia kwenye furushi lako WEWE, maana na yeye anakusoma. Mfano, nilikuwa dila tena nina Eisi ya kopa na 7 ya pau. Mezani Kingi na 8 za kopa, na 3 ya shupaza. Nikaweka kidogo, akafuata. Ikaja 5 ya pau, nikaweka zaidi, akafuata. Ya mwisho Jeki ya kopa. Mimi sina hata jozi, lakini nina ile Eisi, maana yake flashi kubwa kuliko zote hawezi kuwa nayo, na nimecheza kuanzia mwanzo kama mtu anayesubiri kopa. Nikaweka mara moja na nusu ya poti. Saizi hiyo inatakiwa ifanikiwe mara 6 kati ya 10, na niliona furushi lake limejaa Kingi zenye karata dhaifu pembeni. Akakaa, akapanga chipu zake, akazipangua, akatupa Kingi wazi mezani huku anasonya.

Wengi walikuwa wanadharau kuweka zaidi ya poti mpaka ile programu ya kompyuta ya Libratus, ya chuo cha Carnegie Mellon cha Marekani, ilipowafunga wataalamu wanne wa mchezo huu wa wawili mwaka 2017, raundi 120,000, na ilikuwa inasukuma mizigo mikubwa kwenye vipoti vidogo. Ila usiige saizi ukaacha sababu, mimi nilipita huko.

Siku hizi baada ya kucheza naandika raundi tatu kwenye daftari: alifanya nini, nilimbakizia nini kwenye furushi, akafunua nini. Nilizombakizia na alizofunua zisipofanana ndo napata kazi ya kesho. Na hazifanani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, maana jamaa ameshastuka, ameanza kupita akiwa na flashi kali ananisubiri nichimbe mkwara, juzi kaninasa hivyo mara mbili. Nimemfungulia ukurasa mpya.