Mpangaji ametoka, ajenti amekalia dipoziti

Karibu maswali yote safari hii yametoka kwa wenye nyumba na karibu yote ni moja: mpangaji ameshahama, ajenti hashiki simu, dipoziti haijulikani iko wapi. Wanaonijua wanajua msimamo wangu na nitaurudia. Dipoziti ni pesa ya mpangaji hadi ionyeshwe kwamba ameharibu kitu ama ameacha deni. Si ya ajenti, na si yako wewe mwenye nyumba pia.

Msomaji wa kwanza anaandika: Niko Doha, nyumba yangu ya vyumba viwili iko Kitengela, Kenya. Mpangaji alitoka mwisho wa Februari na alikuwa ameweka dipoziti ya Sh25,000. Ajenti anasema yote iliishia kwa rangi na sinki. Nikiitisha risiti ananiambia fundi hatoi risiti. Funguo bado anazo na mwezi wa tatu nao umeisha nyumba ikiwa tupu. Nifanyeje?

Hiyo ya fundi hatoi risiti usiikubali hata kidogo. Fundi hatoi, sawa, lakini duka lililouza rangi linatoa, na fundi mwenyewe siku hizi analipwa kwa M-Pesa kwa hivyo meseji ipo, ina jina, ina tarehe, ina kiasi. Mwambie akutumie hizo. Muitishe pia picha na ile fomu ya ukaguzi ambayo mpangaji alisaini akiingia na akitoka, na kama hakuna fomu hana njia ya kuonyesha hilo sinki lilivunjwa na nani. Rangi inategemea mkataba. Mikataba mingi ya huku kwetu ina kipengele kwamba mpangaji akitoka anaacha nyumba imepakwa rangi, kwa hivyo soma wako kwanza, na kama kipengele kipo basi kinachokatwa ni gharama halisi ya rangi. Gharama ikilingana na dipoziti hadi shilingi ya mwisho, huyo mtu alianza na jibu ndio akatafuta hesabu.

Sasa andika barua. Sema unataka hesabu yote ya kodi na dipoziti, funguo na nakala ya mkataba wa mpangaji, mpe siku 14, na katika barua hiyohiyo umjulishe kwamba unamaliza mkataba wake wa usimamizi kulingana na notisi mliyokubaliana. Siku zikiisha bila jibu, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiza madai ya hadi Sh1 milioni, kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa, na si lazima uwe na wakili. Pesa iliyopokewa na mtu kwa niaba yako na akakataa kuitoa ni dai ambalo mahakama hiyo ina uwezo nalo. Kwa vile uko mbali, mwidhinishe mtu kwa maandishi akuwakilishe, mtu anayeweza kusoma stetimenti na kuuliza swali, usimchague tu kwa sababu ni ndugu na yuko karibu.

Na nyinyi mlio majuu kwa jumla, naomba mnisikize. Mnamwachia mtu mmoja funguo, mkataba, namba ya kulipia kodi na dipoziti, halafu mnashangaa siku mpangaji anatoka hamna hata namba ya simu ya mpangaji. Kodi ilipwe moja kwa moja kwa akaunti yako, ajenti umlipe komisheni yake wewe. Atalalamika. Muache alalamike.

Ajenti amemwambia mpangaji anidai mimi dipoziti na mimi sijawahi kuiona. Nadaiwa kweli?

Ndiyo, unadaiwa. Ajenti akipokea pesa kwa niaba yako, machoni pa sheria umepokea wewe, na mpangaji hana haja ya kujua mambo yenu. Mlipe mpangaji, chukua maandishi yake kwamba amelipwa, halafu umfuate ajenti akurudishie. Najua inauma. Lakini huyo mpangaji anahamia kwingine na kule anaitishwa dipoziti nyingine pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, ana watoto, amekodi pickup, na yeye ndiye hana kosa hata moja kwa hii stori. Mwenye nyumba anayemwambia mpangaji "malizana na ajenti" simtetei, hata akiniandikia mara ngapi.

Nikimwandikia ajenti kwa WhatsApp inatosha?

Inasaidia kama ushahidi, lakini tuma pia barua ama baruapepe yenye tarehe, na usifute chochote.

Ajenti amekataa na funguo. Naweza kuvunja kufuli?

Hili nimeulizwa tena na tena na kila mara mtu anaacha kusema kitu cha maana zaidi: ndani kuna vitu ama hakuna? Kama mpangaji amehama, ametoa vyote na amekubali kwa maandishi kwamba amerudisha nyumba, hiyo ni nyumba yako, badilisha kitasa uendelee na maisha. Piga picha kila chumba kabla hujagusa kitu, na uwe na shahidi, hata kama ni jirani wa mlango wa pili. Kama unahofia fujo, pitia kituo cha polisi kwanza upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kama kuna hata godoro na sufuria ndani, simama hapo. Usiuze, usitupe nje, usimpe mlinzi. Mali ya mpangaji haikamatwi kwa sababu ajenti amesema kuna deni, kuna utaratibu wa kisheria na kuna madalali wa mnada wenye leseni. Kuna wenye nyumba walioingia na hasira wakaishia kushtakiwa wao, huku ajenti aliyeanzisha hayo yote amekaa kando.

Nimegundua ajenti ameshaingiza mpangaji mpya bila kuniambia, na amekata komisheni ya mwezi mzima. Ni halali?

Soma mkataba wako na yeye. Kama ulimpa mamlaka ya kutafuta na kuweka wapangaji, basi aliyeingia ameingia kihalali na huwezi kumtoa kwa sababu umekasirikia ajenti. Komisheni ni jambo lingine, lazima iwe imeandikwa. Kama hamna mkataba wowote, mlipatana kwa mdomo tu, basi mtabishana muda mrefu. Angalia pia kama amesajiliwa na bodi ya maajenti wa nyumba, EARB, iliyo chini ya Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura 533. Hili ulipaswa kuangalia kabla hujampa funguo, na kama hayumo, peleka malalamiko kwa bodi.

Mpangaji ameacha bili ya maji, ajenti anasema si kazi yake.

Akaunti ikiwa kwa jina lako, deni litakufuata wewe. Mita inasomwa siku ya kutoka, kabla dipoziti haijarudi, na hiyo ilikuwa kazi ya ajenti.

Ajenti amekuwa akinikata asilimia 10 ya kodi akisema ni ya KRA, mamlaka ya ushuru. Nikiingia iTax, mtandao wao wa kulipia ushuru, sioni kitu.

Hapa una shida kubwa kuliko dipoziti. Ushuru wa kodi ya nyumba kwa mkaazi anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, kwa hivyo ikiwa uko kwa hilo kundi amekuwa akizidisha. Pili, ajenti hakati ushuru kwa kujiamulia, lazima awe ameteuliwa na KRA. Muitishe barua ya uteuzi na ithibati ya kila malipo aliyopeleka. Kama hakuteuliwa, hiyo ni pesa yako imekaa kwake na deni la KRA bado liko kwa PIN yako, kwa hivyo lipa wewe kwanza faini isizidi kupanda, halafu iongeze kwenye dai la mahakamani. Uliye nje ya nchi na si mkaazi kwa sheria ya ushuru, hiyo 7.5 haikuhusu, tafuta mhasibu. Na kwa mwezi ambao nyumba ni tupu na hujapokea kodi yoyote, bado unafaa kupeleka ritani ya sufuri kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ajenti hatakukumbusha.