Kabla Hujapaka Krimu Kwenye Baka

Mimi ni kinyozi hapa Moshi. Kutwa naangalia ngozi za watu: vichwa, visogo, mashavu, masikio. Mteja akishakaa, namkagua kwanza ndipo niwashe mashine. Na ushauri ninaourudia kila siku ni huu: ukiona baka, usikimbilie ile krimu ya tyubu inayosifiwa kwamba inatibu kila kitu. Jua kwanza una nini.

Tuanze na mapunye, maana ndiyo ninayoyakuta zaidi, hasa shule zikikaribia kufunguliwa. Ukitazama kwa karibu utaona nywele zimekatika usawa wa ngozi, zimebaki nukta nyeusi, na juu yake magamba meupemeupe. Wakati mwingine tezi za nyuma ya shingo huvimba. Krimu peke yake haitoshi, kwa sababu fangasi wameingia hadi kwenye mashina ya nywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza anayoandikiwa na daktari. Inayotumika sana ni grisiofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, na hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, hata maziwa au parachichi. Wazazi wengi wakiona nywele zimeanza kuota wanakatisha dozi, na mapunye yanarudi. Kukitokea uvimbe laini wenye usaha, tafadhali msiupasue mkidhani ni jipu. Ni mwili unapambana na fangasi walewale, na ukicheleweshwa nywele zinaweza zisiote tena pale.

Choa cha mwilini ni duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati kama pamepona. Mara nyingi klotrimazoli, krimu ya kuua fangasi, ikipakwa mara mbili kwa siku hukimaliza, mradi uendelee wiki moja au mbili baada ya alama kutoweka. Hapa ndipo zile krimu za kutibu kila kitu, zenye mchanganyiko wa dawa, zinapoumiza watu. Nyingi zina steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe, kama betamethazoni. Mwasho unakata haraka, wekundu unafifia, mtu anafurahi. Kumbe kinga ya ngozi imetulizwa tu, na fangasi wanaendelea kutambaa chini kwa chini. Ule ukingo unapotea, hata daktari anapata kazi kuutambua ugonjwa. Usoni ngozi inakuwa nyembamba na vichunusi vinafumka. Inaniuma sana kuona shavu la kijana limefika huko.

Steroidi yenyewe si mbaya. Mwenye ukurutu unaowasha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti huandikiwa, pamoja na mafuta mazito ya kulainisha ngozi. Ubaya ni kujiandikia mwenyewe.

Vipele vya kidevuni vinatokana na nywele za kipilipili kujikunja na kurudi kuichoma ngozi. Dawa ya kwanza ni kuacha kunyoa hadi kwenye ngozi. Mimi huwaachia wateja kivuli cha ndevu. Vya kisogoni vikianza kuwa vigumu, wahi hospitali. Vikishageuka makovu yaliyovimba utachomwa sindano mara kwa mara, au upasuliwe.

Upele unaowasha usiku, katikati ya vidole na kiunoni, unatibiwa nyumba nzima siku moja, hata asiyejikuna.

Baka lililopauka, lisilowasha, na ukiligusa kwa pamba husikii kitu, lichukulie kwa uzito: huenda ni ukoma. Ukoma bado upo, unapona, na dawa zake ni bure, miezi 6 au 12 kutegemea aina. Ukiwahi, vidole na macho vinasalimika.

Ndugu zetu wenye ualbino nawasihi wavae kofia ya ukingo mpana, kwa sababu kichwa kilichonyolewa na masikio ndivyo vinavyoungua kwanza. Magamba makavu yasiyoisha, au kidonda kisichopona kwenye sikio au mdomo, kionwe mapema. Magamba yale huweza kugandishwa kwa baridi kali kabla hayajawa saratani. Pale KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza 1992, na hata losheni ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino imetengenezwa hapohapo.

Ukienda kliniki, asubuhi hiyo usipake kitu. Beba tyubu zote ulizotumia, hata zilizokwisha, na kama ulipiga picha baka lilipoanza, mwonyeshe daktari.