PCOS na virutubisho vya mimea: maswali yenu

Maswali ya wiki hii yote ni ya PCOS: homoni kuvurugika, hedhi kuja ipendavyo, chunusi na nywele za kidevuni, na mara nyingi ovari kuonekana na vifuko vidogo vidogo kwenye ultrasaundi.

Dokta, inositoli ni dawa ya mimea kweli? Inasaidia?

Nusu kweli. Imo kwenye maharage, nafaka na matunda, lakini hata mwili wako huitengeneza. Kazi yake ni kusaidia seli ziitikie insulini, homoni inayodhibiti sukari. Kwa wengi wenye PCOS seli haziitikii vizuri, kongosho linamwaga insulini zaidi, na insulini ikizidi ovari nazo huongeza testosteroni, homoni ya kiume, yai likashindwa kukomaa. Kiwango kinachotumika sana ni gramu 4 za myo-inositoli kwa siku. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unaruhusu kuijaribu kwa kuwa madhara ni machache, ila unakiri kwamba ushahidi wa faida bado ni hafifu. Ukiijaribu, jiwekee ukomo wa miezi mitatu hadi sita na uandike tarehe za hedhi. Pasipobadilika kitu, acha, hela yako ina kazi nyingine.

Natumia metfomini. Naweza kuongeza berberini? Ni ya asili tu.

Hiyo "asili tu" ndiyo inayonitia wasiwasi, dada. Berberini hutoka kwenye mizizi na magome, lakini hushusha sukari karibu kama metfomini yenyewe, na zote mbili husumbua tumbo. Tena hulizuia ini kuvunja baadhi ya dawa, zikalundikana mwilini. Usiongeze bila daktari wako kujua. Kama unatafuta mtoto, achana nayo kabisa: si salama kwa mjamzito, kwani inaweza kumletea mtoto mchanga manjano kali inayodhuru ubongo. Na mwenye hedhi isiyotabirika ndiye anayechelewa kugundua kuwa ana mimba.

Chai ya nanaa inaondoa ndevu?

Jaribio dogo la vikombe viwili kwa siku, kwa siku 30, lilionyesha testosteroni ikishuka. Nywele zenyewe hazikupungua kwa kipimo. Mwezi mmoja ni mfupi mno kwa nywele. Inywe kama unaipenda.

Mdalasini na uwatu je?

Kwenye chakula havina neno. Kwa vidonge, mdalasini aina ya kasia una kumarini, ikizidi huumiza ini. Uwatu wa kiwango cha dawa haumfai mjamzito, na ukitumia dawa za sukari unaweza kukushusha sukari kupita kiasi.

Sijaona siku zangu miezi mitano, nakunywa mitishamba. Niendelee kusubiri?

Hapana. Pima mimba kwanza. Kama hakuna, nenda kliniki wiki hii, maana ukuta wa mfuko wa uzazi usipomwagika unazidi kunenepa, na hali hiyo ikidumu miaka huongeza hatari ya saratani. Zipo dawa za jamii ya projesteroni za kuumwaga. Beba chupa zote unazotumia, hata ile uliyopewa na shoga yako.