Kwa mnaoanza kuhesabu uduvi wa pangoni

Wadogo zangu, nimewaona tena mkitumbukia majini kwanza, kisha ndipo mnawasha tochi mhesabu. Mnahesabu nini sasa, tope? Haya, kaeni hapa kabla sijapandisha presha.

1. Simama ukingoni. Uduvi hawa hawana rangi, hawana macho ya kuonea, na mkubwa wao ni kama sentimita 3 tu. Mulika kwa ubavu: utaona kivuli juu ya mchanga kabla ya kumwona mwenyewe. Ukishatibua mashapo, rudi kalale, siku imeisha.

2. Osha buti na kamba, uviue vijidudu, kabla ya kuhamia pango jingine. Ugonjwa wa pua nyeupe, wa kuvu anayeweza kusafiri na buti zenu, unamaliza popo, na kwa habari ya popo lazima niwachelewesheni.

Kila rasimu ya ripoti zenu inaishia "pango lifungwe lango". Jamani! Sisi wahifadhi tulishalifanya hilo kule Shelta, pango lililo chini ya mji wa Huntsville, jimbo la Alabama, Marekani. Lilinunuliwa miaka ya 1960 ili lilindwe, likapigwa chuma mlangoni kuzuia wavamizi. Nia ilikuwa safi kabisa. Ila popo wa kijivu wakashindwa kupita vizuri, wakahama. Sasa fikirini: kule ndani hakuoti hata jani. Anayeishi majini anategemea kinachosombwa na maji kutoka juu, na kinyesi cha popo. Popo walipoondoka, mezani pakabaki patupu. Wakati huohuo mji ukatanuka juu ya paa la pango na maji ya ardhini yakachafuka. Uduvi wa Alabama, aliyepewa jina la kisayansi 1961 kutokana na pango hilohilo, mara ya mwisho kuonekana humo ilikuwa 1973. Simtwishi lango lawama zote, maana uchafu nao una lake. Lakini lile tulilileta wenyewe, tukajipongeza. Lango likaja kuondolewa. Popo hawakusoma tangazo. Kwa hiyo, kabla ya kuniandikia neno "lango", niandikie kwanza popo wanapita wapi.

3. Sufuri si cheti cha kifo. Andika "hakuonekana", pamoja na kina cha maji na muda uliotafuta. Kamba-mto wa Shelta, jamaa wa uduvi mwenye koleo, alikaa kama miaka 30 bila kuonwa, akaja kuonekana 2019. Na uduvi wa Kentucky, wa Mammoth Cave, pango kubwa la jimbo hilo la Marekani, alishadhaniwa ametoweka kabla ya kupatikana tena. 1983 akaingizwa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini.

4. Kazi iko nje. Najua hampendi. Mnataka giza na picha. Lakini barabara kuu ya I-65 inapita jirani na Mammoth Cave, na lori la kemikali likipinduka, mvua moja inatosha kuingiza mzigo wake kwenye mashimo ya ardhi ya chokaa hadi mitoni chini. Bwawa namba 6 la mto Green nalo liliyarudisha maji nyuma mpaka ndani ya pango, yakatulia na kumwaga tope; liliondolewa 2017. Hakuna aliyeyajua hayo kwa kupiga magoti pangoni tu. Ili kujua maji yanaelekea wapi, watafiti walimwaga rangi mashimoni, wakaisubiri kwenye chemchemi.

Kesho tunaanza na ramani ya mashimo. Atakayeniambia yeye ni mtu wa pango, si wa barabarani, atabeba betri za wote.