Kwa dada aliyeuliza kuhusu mwanawe aliyerudi kutoka kituo cha Utah

Pole sana dada. Unasema ulimpeleka mwanao kwenye kituo cha bweni cha "kurekebisha" vijana huko Utah, Marekani, akachukuliwa usiku akiwa na miaka 15, na leo, miaka 4 baadaye, bado hulala amevaa viatu na hataki mlango ufungwe. Huo si ujeuri. Mimi nilipitia kituo kama hicho, na mwili wangu ulikesha miaka mingi baada ya kutoka.

Anza na wewe: mwombe radhi, bila kuongeza "lakini". Mimi nilimsubiri mama aseme hivyo kwa muda mrefu kuliko ule niliokaa kituoni. Usimchimbe kwa maswali. Siku akianza kusimulia, msikilize mpaka mwisho, na umwamini. Mwaka 2021 Paris Hilton, nyota wa Marekani aliyewekwa kwenye kituo kama hicho akiwa kijana, alitoa ushahidi mbele ya maseneta wa Utah kuhusu yaliyompata, na mwaka huohuo jimbo likapitisha sheria inayobana vyumba vya kufungia watoto peke yao na dawa za kuwatuliza.

Mtaalamu wa kiwewe anahitajika, ila mwanao amchague mwenyewe na awe huru kuacha. Usimpeleke popote kwa hila, hata ukiogopa. Akitaja kutaka kufa, pigeni 988, simu ya dharura ya kuzuia kujiua nchini Marekani, saa hiyohiyo.