Chupa dirishani kila siku, serikali ifanyeje?

SWALI: Habari dada, mi napanda daladala Mbagala kwenda Kariakoo, kila siku lazima mtu amalize maji arushe chupa dirishani, ukimwambia anakujibu "kwani we bwana afya?" Hivi serikali inaweza kweli kutubadilisha tabia?

JIBU: Inaweza mdogo wangu, tushaona kwa macho yetu. Unakumbuka mifuko ya rambo? Ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ukikutwa nayo faini ni 30,000 mpaka 200,000, lakini mi naamini faini peke yake isingetosha, kilichosaidia ni kwamba mifuko mbadala ilikuwepo dukani kwa mangi na mtu akawa na pa kukimbilia. Sasa chupa je? Vituo vingi havina hata pipa moja, abiria aiweke wapi jamani! Pipa kwanza, faini baadaye.

Halafu kuna aibu, hii ina nguvu sana. Bogotá, Kolombia, miaka ya 1990 meya Antanas Mockus aliweka waigizaji wasiosema barabarani, ukivuka ovyo wanakuigiza mbele za watu. Na Rwanda Jumamosi ya mwisho wa mwezi wana umuganda, yaani mtaa mzima unatoka kufanya kazi za jamii pamoja kama usafi, na hapo aibu inafanya kazi, maana mtaro uliouzibua kwa mikono yako kuutupia chupa kesho yake inauma. Sisi pia tuna Jumamosi yetu ya usafi, ila viongozi wa mtaa washike mafagio wenyewe.

Wewe kesho muombe konda aweke ndoo mlangoni.